Al-Razi: Tabibu Aliyejua Mpaka wa Elimu Yake

Mtu akitembea katika mji wa Kitale, au akiteremka hadi Bungoma, hatakosa kuona vibao vilivyogongomewa kwenye nguzo za stima na miti ya kando ya barabara. Vibao hivyo hutangaza mganga, na aghalabu chini ya neno hilo huandikwa kwamba ametoka Tanga, au Pemba, au Mombasa, au Lamu. Kisha hufuata orodha ya mambo anayoyatibu: sukari, presha, kifafa, utasa, mapenzi yaliyopotea, kesi mahakamani na mali iliyoibwa. Yote hayo ni kazi ya mtu mmoja, na chini kabisa pana namba ya simu.

Mimi ni mtu wa pwani niliyekaa huku bara miaka mingi, na vibao hivi hunikera kwa sababu ambayo msomaji wa kwetu ataielewa upesi. Jina la nyumbani limegeuzwa kuwa chapa ya biashara. Mtu hujivika kanzu na kofia, akatia ubani kwenye chetezo, na wagonjwa wakaamini kwamba aliyeketi mbele yao ni bingwa wa elimu iliyovuka bahari. Baadhi ya waganga hao hata bahari yenyewe hawajapata kuiona.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba dawa za miti hazifai. Sisi tumelelewa kwa sanamaki, habasoda, shubiri na tangawizi, na huku Bungoma watu wanautafuna mzizi wa mukombero tangu enzi za mababu. Katika misitu ya Mlima Elgon umo mti ambao Wakikuyu huuita muiri, na ganda lake limekuwa likitumiwa Ulaya kutengenezea dawa ya wazee wenye matatizo ya mkojo. Dawa zimo. Suali langu ni jingine: mganga mwaminifu ni yupi, naye hujulikana kwa nini?

Suali hili si geni. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita lilimshughulisha tabibu mmoja ambaye hata leo wakubwa wa elimu ya tiba, Mashariki na Magharibi, hulitaja jina lake kwa heshima. Huyo ni Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi. Nimeona niwasimulie maisha yake, kwani wanaojipamba kwa jina la tiba ya Kiarabu wangemsoma mtu huyu, wengi wao wangeling'oa vibao vyao wenyewe.

Al-Razi alizaliwa katika mji wa Rayy, karibu na Tehran ya leo, katika nchi ya Uajemi. Al-Biruni, mwanachuoni mkubwa aliyekusanya orodha ya vitabu vyake, ameiweka siku ya kuzaliwa kwake kuwa mwezi mosi Shaaban mwaka 251 wa Hijra, yaani mwaka 865. Jina la al-Razi maana yake ni mtu wa Rayy tu, kama sisi tunavyosema al-Lamuy au al-Mambasy.

Hakuanza maisha yake katika utabibu. Inasimuliwa kwamba ujanani alikuwa mpigaji udi na mwimbaji. Baadaye akashughulika na elimu ya madini, ile ya watu waliotaka kugeuza shaba iwe dhahabu. Dhahabu hawakuipata, lakini al-Razi alipata kitu cha thamani zaidi, nayo ni tabia ya kupima, kuyeyusha, kuchemsha na kuandika kila alichokiona. Aliandika juu ya vyombo na chumvi na mawe kwa utaratibu ambao wanakemia wa leo wanaustahi. Utabibu aliujia akiwa mtu mzima, na tabia ile ya kupima akaja nayo.

Hakukawia kupanda daraja. Akawa mkuu wa hospitali ya Rayy, kisha wa hospitali ya Baghdad, mji uliokuwa wakati huo kitovu cha elimu duniani. Pana kisa mashuhuri kwamba alipotakiwa achague mahali pa kujenga hospitali, alitundika vipande vya nyama katika pande mbalimbali za mji, akachagua pale nyama ilipochelewa kuoza. Wanahistoria wanakitilia shaka kisa hiki, kwa kuwa hospitali inayotajwa, ile ya Adud al-Dawla, ilifunguliwa mnamo mwaka 982, zaidi ya miaka 50 baada ya al-Razi kufariki. Hata hivyo kisa hiki chaonyesha watu walimkumbuka vipi: mtu asiyesema mpaka amejaribu.

Jambo lenye uzito zaidi ni lile aliloliandika Ibn al-Nadim, aliyekuwa muuza vitabu wa Baghdad, kuhusu baraza yake. Al-Razi alikuwa mzee mwenye kichwa kikubwa, akiketi na wanafunzi wake mbele yake, na wanafunzi wa wanafunzi wake nyuma ya hao, na wengine nyuma yao. Mgonjwa alipoingia alieleza maradhi yake kwa wale wa safu ya nje. Wakiwa na ujuzi wa maradhi hayo walimtibu. Wakiwa hawana walimpeleka safu ya mbele yake. Nao wakishindwa, maneno yalimfikia al-Razi mwenyewe.

Msomaji, hebu itazame baraza hiyo kwa makini. Hapana mtu pale aliyeona haya kusema jambo hili limenishinda. Mwanafunzi aliyempeleka mgonjwa mbele hakuvunjiwa heshima. Alikuwa ametimiza kazi yake. Hiyo ndiyo nguzo ya kwanza ya uaminifu katika tiba, na ndiyo inayokosekana katika vibao vya Kitale na Bungoma. Mtu anayetibu kila kitu hana safu ya mbele ya kumpeleka mgonjwa.

Mchango wake katika elimu ni mkubwa mno. Yeye ndiye aliyeandika risala maalumu iliyotenga kwa uwazi ndui na surua, maradhi mawili ambayo watu walikuwa wakiyachanganya. Risala hiyo ilitafsiriwa kwa lugha za Ulaya na kusomwa kwa karne nyingi. Ndui imekwisha duniani. Mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alipatikana mwaka 1977 katika mji wa Merka, pwani ya Somalia, majirani zetu wa kaskazini, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba maradhi hayo yametokomea. Safari hiyo ndefu ilihitaji kwanza mtu wa kusema hii ni ndui na ile ni surua.

Kitabu chake kikubwa zaidi, al-Hawi, kilikusanywa na wanafunzi baada ya kufa kwake kutokana na maandishi aliyoyaacha. Humo aliweka maneno ya Wayunani, Wahindi na Waarabu waliomtangulia, kisha akaongeza aliyoyaona mwenyewe kwa wagonjwa wake. Mwaka 1279 kilitafsiriwa kwa Kilatini na Faraj bin Salim, Myahudi wa Sisilia, na mwaka 1486 kikapigwa chapa mjini Brescia, Italia. Jalinus, tabibu wa Kiyunani aliyehesabiwa kuwa bwana wa matabibu wote, al-Razi alimheshimu kama mwalimu, lakini aliandika kitabu kizima kueleza mahali alipomtilia shaka. Kwake yeye mwalimu hakuwa juu ya ushahidi.

Alijaribu kabla ya kutoa. Alipotaka kujua madhara ya zebaki, alimpa tumbili aliyekuwa naye nyumbani akatazama yatakayotokea. Alipotaka kujua kama kutoa damu kunawafaa wenye homa inayoshika ubongo, aliwatoa damu wagonjwa wa kundi moja na kuliacha kundi jingine, ili alinganishe. Elimu ya leo inasema hakusibu katika suala la damu, na tabibu wa siku hizi asingethubutu kuwagawa wagonjwa namna hiyo bila ya idhini yao. Lakini njia ya kulinganisha, waliopewa dawa na wasiopewa, ndiyo inayotumika hadi leo katika kila dawa mpya.

Katika dawa alikuwa na mpango ambao mtu wa miti shamba yampasa autie moyoni. Yanayoweza kutibiwa kwa chakula, asiyatibu kwa dawa. Yanayoweza kutibiwa kwa dawa moja, asiyachanganyie dawa nyingi. Linganisha na chupa zinazouzwa leo barabarani, ambazo mwenyewe hujisifu kwamba ndani yake mna miti 40. Mgonjwa akidhurika, nani atajua ni mti upi uliomdhuru?

Alimwandikia mwanafunzi wake barua ndefu juu ya mwenendo wa tabibu. Alimtaka ahifadhi siri, kwa sababu mgonjwa humfunulia tabibu mambo anayoyaficha hata kwa wazazi wake. Alimtaka ainamishe macho anapoingia katika nyumba za watu na kuwatibu wanawake. Alimtaka amtibu maskini kama amtibuvyo tajiri, asijivune akipona mgonjwa, na ajue kwamba shifaa ni ya Mwenyezi Mungu. Na hayo hayakuwa maneno ya kalamu tu. Waandishi wa zamani wanamsifu kwa ukarimu wake kwa mafakiri, hata akiwapa fedha za kujikimu. Aliandika pia kitabu kwa ajili ya mtu asiye na tabibu karibu naye, ili aweze kujitibu kwa vitu vinavyopatikana jikoni na sokoni.

Ajabu kubwa kwangu ni ile sehemu ya kitabu chake cha al-Mansuri, alichokitungia mtawala wa Rayy, ambamo anafichua hila za matapeli wa tiba. Anaeleza jinsi mmoja anavyompasua mtu wa kifafa kisogoni, akajifanya anatoa kitu alichokuwa amekificha mkononi tangu mwanzo. Mwingine hutia wadudu katika jino au sikio la mgonjwa, kisha akawatoa mbele ya watu wakastaajabu. Mwingine huvuta kwa mrija maji kutoka sikioni, na maji hayo yalikuwa kinywani mwake mwenyewe. Wako waliotoa chura chini ya ulimi, na waliozika mifupa katika kidonda ili waje waichimbue.

Niliposoma hayo nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Katika soko moja la upande huu wa magharibi nimemwona kwa macho yangu mtu akitoa wadudu katika jino la bibi mmoja, akawaonyesha watu kwenye kijisahani, akapokea fedha. Hila iliyofichuliwa kabla ya mwaka 925 bado inakula jasho la maskini.

Na kwa nini watu huwaendea? Al-Razi alilichukua suali hili na kuliandikia risala. Hakuwacheka watu. Alieleza kwamba si kila maradhi hupona, na tabibu hodari husema hivyo, hali mjinga huahidi. Mtu mwenye maumivu humpenda anayeahidi. Na mjinga akisibu mara moja kwa bahati, sifa zake huenea. Tabibu akikosea mara moja, mazuri yake yote husahauliwa.

Namjua mama mmoja wa kijiji kilicho karibu na Bungoma, mwenye maradhi ya sukari, aliyeambiwa na mganga aache sindano zake kwani dawa ya chupa imezimaliza kazi. Alipopelekwa hospitali mguu ulikuwa umeoza, ukakatwa. Mama huyo hakuwa mjinga. Hospitalini alikuwa akipanga foleni tangu alfajiri, akatazamwa kwa dakika chache, akapewa karatasi. Kwa mganga aliketishwa, akaulizwa habari za watoto na shamba, akasikilizwa. Hapo lazima tuwe na insafu: mganga alimshinda daktari kwa murua, kisha akautumia murua huo kumhadaa. Al-Razi alitaka vyote viwili viwe kwa mtu mmoja, upole na ukweli.

Wala sitaki msomaji wa pwani adhani kwamba huku bara hakuna waganga wa haki. Namjua mzee mmoja upande wa Chwele, anayeuza majani na magome ya kikohozi na tumbo. Kila ajaye kwake humwuliza kwanza vidonge gani anavyomeza tayari, kwa kuwa amejionea dawa mbili zikigombana ndani ya mwili mmoja. Mwanamke mwenye uvimbe katika ziwa, au mtoto anayeshtuka kwa homa, humfungia mlango wa dawa na kumfungulia mlango wa hospitali, na nauli akampa kama hana. Mzee huyo hajapata kumsikia al-Razi. Lakini laiti angeingia katika baraza ile ya Rayy angejua pa kuketi.

Mila zenyewe za Wabukusu zina adabu zake. Kila baada ya miaka miwili, katika miaka inayogawika kwa mbili, vijana hutahiriwa mwezi wa Agosti. Omukhebi, yaani ngariba, hajiamulii tu siku moja kushika kisu. Kazi hiyo ina koo zake, ina mafunzo yake, na jamii inamjua anayeifanya. Ulipoingia ugonjwa wa ukimwi, watu wa afya waliwahimiza wasitumie kisu kimoja kwa vijana wengi, kwa sababu damu ya mmoja huweza kumwambukiza mwingine. Waliokubali hawakuvunja mila. Waliongeza visu tu, wakaokoa watoto wa watu.

Serikali nazo zimesema neno lao. Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata ulitambua kwamba waganga wa jadi waweza kuwa na nafasi katika huduma za afya za mwanzo, wakifundishwa na kushirikiana na wengine. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 ina sehemu nzima ya tiba za asili na tiba mbadala, inayoitaka serikali iweke sera za kuziongoza. Nayo fiqhi yetu imekwisha sema kitambo: mtu anayejitia utabibu naye hajulikani kwa elimu hiyo, hubeba dhamana ya madhara atakayoyaleta. Sheria zipo, lakini mlango wa mganga hufungwa mchana na usiku, na ndani yake wamo mgonjwa, mganga na Mola wao tu. Pasipo uaminifu, sheria haitaingia humo.

Al-Razi hakuwa malaika. Katika falsafa alisema mambo yaliyowakasirisha wanazuoni wengi wa Kiislamu. Abu Hatim al-Razi, mtu wa mji ule ule, aliandika kumkanya kwa maoni yaliyonasibishwa naye kuhusu utume. Waislamu wakayakataa hayo, na tiba yake wakaichukua, wakaifundisha na kuiendeleza. Nadhani hilo nalo ni somo la uadilifu: kumpa mtu haki yake pale anapostahiki, na kutomfuata pale asipostahiki.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Yeye mwenyewe aliandika kwamba alitumia miaka 15 katika kutunga kitabu chake kikubwa, usiku na mchana, mpaka macho yakapungua nguvu na misuli ya mkono ikaumia, akawa anawaomba wengine wamsomee na kumwandikia. Zimezuka hadithi kwamba alipigwa kichwani kwa amri ya mtawala, lakini maneno yake mwenyewe yatosha: elimu ndiyo iliyokula macho yake. Hatimaye akapofuka.

Husimuliwa kwamba alijiwa na mtu aliyetaka kumpasua macho ili amrudishie kuona. Al-Razi akamwuliza jicho la mwanadamu lina tabaka ngapi. Yule mtu hakujua. Al-Razi akamkatalia, akasema asiyejua hilo asiliguse jicho lake. Alifariki Rayy, kwa hesabu ya al-Biruni, tarehe 5 Shaaban mwaka 313 wa Hijra, yaani mwaka 925, akiwa na umri wa miaka 62 kwa hesabu ya mwezi mwandamo.

Basi ndugu yangu wa pwani, ukipatwa na maradhi nawe ukataka kumwendea mganga, wa kanzu au wa ngozi, wa Mombasa au wa Bungoma, fanya kama alivyofanya mzee yule kipofu. Usimwulize anatibu nini, kwa maana orodha anayo. Mwulize ni maradhi gani yasiyo kazi yake, na wenye maradhi hayo huwapeleka wapi. Akikujibu kwa uwazi, kaa umsikilize. Akikuambia hakuna kinachomshinda, chukua viatu vyako, toka nje.